KURA YA MWANAFUNZI ALIYE MBALI NA KWAO

(Maneno yaliyosomwa katika mkutano wa wanachama wa tawi na kijana mwanafunzi, mzaliwa wa Bukundi, wilaya ya Meatu, anayesoma hapa Unguja. Tumeyachapa kama alivyoyaandika mwenyewe.)

Bwana Mwenyekiti, wazee wangu, mama zangu, ndugu zangu wanachama,

Najua wako katika baraza hii watakaojiuliza Msukuma huyu amekuja kutufundisha nini sisi wana wa visiwani katika jambo la kura, na sisi kura tumezijua tangu mwaka 1957. Swali hilo ni la haki. Mimi sikuja kufundisha. Nimeombwa na Bwana Katibu nieleze yaliyonipata mimi, kwa kuwa watoto wengi wa tawi hili wako Dodoma, Morogoro na Dar es Salaam kwa masomo, nami niko hapa kwenu kwa masomo, na shida yao ndiyo yangu iliyogeuzwa kifudifudi.

Kwetu ni Bukundi. Asiyepajua napenda apajue kidogo. Ni katika Meatu, mkoa wa Simiyu, mkoa uliokatwa kutoka Shinyanga mwaka 2012 ukafanyiwa makao yake Bariadi. Ukifika kwetu umekaribia mto Sibiti, na ng'ambo ya mto ni Singida. Watu wetu hulima pamba na mtama, hufuga ng'ombe, na tunao majirani Wataturu na Wahadzabe ambao walikuwapo kabla ya babu zetu. Mvua zetu ni chache, na tembo wakitoka mapori ya hifadhi huvuna kabla ya mwenye shamba. Nayasema haya kwa sababu mtu akiniuliza kura ya diwani yanihusu nini mimi niliyeko chuoni, jawabu langu ni kisima na tembo. Aliyelala njaa kwa sababu ya tembo ni mama yangu.

Nilijiandikisha mwaka 2019, katika shule ya msingi ya kijijini, nikiwa nimekwisha kutimiza miaka kumi na minane. Nilipewa kadi yenye picha yangu, nikaitia katika kurasa za daftari isije ikakunjika. Mwaka uliofuata nikapata nafasi ya kusoma hapa Unguja. Nikaja na sanduku langu, na kadi yangu nikaja nayo, nikidhani kwa ujinga wangu kwamba kadi ya Jamhuri nzima hutumika katika Jamhuri nzima. Tarehe 28 Oktoba 2020 nikaamka mapema, nikaoga, nikavaa, nikaenda katika kituo kilicho karibu na nilipopanga. Msimamizi alikuwa mtu mwenye adabu. Akaitazama kadi, akanitazama mimi, akasema, "Mdogo wangu, wewe jina lako liko Bukundi. Hapa huna jina." Bukundi ni safari ya siku mbili kwa boti na mabasi. Nikarudi chumbani na kadi yangu mfukoni. Siku hiyo nilisoma sheria za uchaguzi zaidi ya nilivyosoma masomo yangu kwa mwezi mzima.

Haya ndiyo niliyoyakuta. Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977, katika ibara ya 5, yampa kila raia aliyetimiza miaka 18 haki ya kupiga kura. Ibara ile haisemi "raia aliyeko kwao". Lakini sheria inayofuata chini ya Katiba humfunga mpiga kura katika kituo ambacho jina lake limeandikwa. Ilikuwa hivyo katika sheria ya mwaka 1985, na sheria mpya ya uchaguzi wa Rais, Wabunge na Madiwani, namba 1 ya mwaka 2024, haikumfungulia mwanafunzi mlango mwingine. Hatuna kura ya posta, wala kura ya mtu asiyekuwapo. Haki iko juu kabisa, na kufuli liko chini, mlangoni mwa kituo.

Msidhani ya kwamba ni mimi peke yangu niliyenaswa. Mwaka 2010 wanafunzi wengi wa vyuo vikuu walikuwa wamejiandikisha huko huko vyuoni, kwa kuwa daftari liliwakuta huko. Uchaguzi ukapangwa tarehe 31 Oktoba. Kisha ikatangazwa kwamba vyuo havitafunguliwa mpaka Novemba, yaani baada ya uchaguzi kupita. Wanafunzi wakawa majumbani, katika mikoa yote, na majina yao yamebandikwa katika mbao za vyuoni ambako hakuna mtu. Serikali ilitoa sababu zake za kuchelewesha, na wapinzani wakatoa zao za kushuku. Sikuja kuhukumu ugomvi ule. Mimi natazama jambo moja tu: tangazo moja la tarehe ya kufungua vyuo lilitosha kuwanyima kura vijana wengi, wala hapakuwa na mtu aliyelazimika kufuta jina hata moja katika daftari. Ndiyo maana nasema, mwanafunzi asiyejua kalenda ya chuo chake hajui kama ana kura.

Sasa tutazame wenzetu. Marekani, ambako askari wa vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe walipigia kura kambini mwaka 1864, mwanafunzi leo huchagua mwenyewe: ajiandikishe mjini penye chuo, au abaki na jina la kwao na aletewe karatasi yake kwa posta, aijaze, airudishe. Hata huko hawakupewa kwa upole. Katika Texas, ofisa mmoja wa wilaya aliwakatalia wanafunzi weusi wa chuo cha Prairie View, akiwauliza maswali ya ukaazi ambayo hakuwauliza wengine, mpaka Mahakama Kuu ya nchi yao ikaithibitisha haki yao mwaka 1979. Uingereza mwanafunzi aruhusiwa kuwa na jina mahali pawili, nyumbani na chuoni, ila katika uchaguzi wa Bunge hupiga mara moja tu. Akipiga mara mbili amevunja sheria.

Lakini ya nini kwenda mbali? Raia wa Msumbiji walioko katika nchi yetu hupiga kura za kwao wakiwa hapa hapa, tangu mwaka 2004. Wakenya walioko Tanzania wamekuwa wakimpigia kura Rais wao tangu mwaka 2013. Yatafakarini hayo, wazee wangu. Mmakonde wa Msumbiji aliyeko Dar es Salaam aweza kumchagua Rais wa Msumbiji bila ya kuvuka mto Ruvuma, na Mtanzania wa Bukundi aliyeko Dar es Salaam hawezi kumchagua Rais wa Tanzania mpaka arudi Bukundi! Nilipomwambia jambo hili mwenzangu mmoja alicheka akidhani namtania.

Tena Zanzibar yenyewe imekwisha kukubali asili ya jambo hili. Mwaka 2020, na tena mwaka 2025, ilikuwapo hapa kura ya mapema, siku moja kabla ya siku kubwa, kwa ajili ya watu wa ulinzi na watumishi wa uchaguzi ambao kazi yao ingewazuia kufika vituoni mwao. Najua wanachama wa baraza hii mlivyoipokea kura ile ya mapema, na sitaki kuufungua mjadala huo usiku huu. Nasema hivi tu: sheria imekiri kwamba mtu aweza kuzuiwa na kazi asiyoiacha, na kwamba si haki kumwambia "shauri yako". Askari aliye zamu na mwanafunzi aliye katika mtihani, ni nani kati yao aliye huru kuondoka?

Na katika uandikishaji wa mwaka 2024 na 2025 Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ilipeleka vituo ndani ya magereza ya Bara, na hapa Zanzibar ndani ya vyuo vya mafunzo. Kwa ndugu zangu wa Bara watakaousoma waraka huu: Zanzibar jela huitwa chuo cha mafunzo. Basi chuo kimoja kimepata kituo chake cha kura na chuo kingine kinangoja. Mimi nafurahi mahabusu amepata haki yake, kwani naye ni raia; lakini sanduku lililoweza kupita lango la gereza litashindwaje kupita lango la chuo kikuu, ambalo halina hata kufuli?

Bwana Mwenyekiti, niseme yaliyotokea mara ya pili, maana ndiyo niliyoitiwa.

Septemba 2024 daftari lilifika Simiyu, siku saba katika kila kituo. Mama alinipigia simu, akaniambia, "Wamekuja, njoo utengeneze kadi yako." Sikuweza kwenda. Oktoba mwaka ule ule daftari la Tume ya Taifa likafika Zanzibar, kwa ajili ya watu kama mimi, tulio raia wa Jamhuri tusio na sifa za kuandikwa katika daftari la Zanzibar. Hapo nikakaa na kalamu na karatasi, nikaandika swali moja: tarehe 29 Oktoba 2025 nitakuwa wapi? Nikaitazama kalenda ya chuo, nikahesabu nauli. Kwenda na kurudi Bukundi ingeniondoa karibu shilingi laki mbili, nami ni mtoto wa mkulima wa pamba. Jawabu likawa moja: nitakuwa Unguja. Nikaenda kituoni na kadi yangu ya zamani, nikasema nahama. Wakanipiga picha, wakachukua alama za vidole, wakanipa kadi mpya. Haikuchukua hata saa nzima, foleni imo.

Lakini siku ile nilitoa kitu. Kwa kuhamisha jina nilipata kura ya Rais wa Jamhuri, nikapoteza kura ya diwani wa kwetu na mbunge wa kwetu, yaani kura ya kisima na kura ya tembo. Kura ya Rais wa Zanzibar na ya Baraza la Wawakilishi si yangu, wala sidai iwe yangu. Nilipomweleza mama alinyamaza kidogo katika simu, kisha akauliza, "Kwa hiyo sasa wewe ni mtu wa huko?" Sikuwa na jawabu zuri. Nilimwambia ni karatasi tu. Akasema, "Karatasi ndiyo wanayoihesabu."

Ninaye rafiki wa Pemba anayesoma Dodoma. Yeye alifanya kinyume changu: hakutaka kuacha kura ya Zanzibar, akaweka shahada yake ya kwao, akaazimia kusafiri. Nami nasema aliamua vyema, kwani kijana wa visiwani akijiandikisha Bara anajitoa mwenyewe katika uchaguzi wa Rais wa Zanzibar, wa mwakilishi na wa diwani wa kwao. Tena kurudi katika daftari la hapa si jambo jepesi. Kwa miaka mingi sheria ya Zanzibar ilidai ukaazi wa miezi 36 katika jimbo, na kitambulisho cha Mzanzibari kimekuwa mlango mwembamba. Wazee mnakumbuka mwaka 2009 jinsi uandikishaji wa Pemba ulivyosimama kwa ugomvi wa kitambulisho hicho. Basi rafiki yangu alifika Dar es Salaam tarehe 28 Oktoba, akakosa tikiti ya boti. Siku ya kura alikuwa Temeke, nyumbani kwa shangazi yake, na shahada mfukoni kama mimi mwaka 2020. Angeondoka siku mbili kabla angefika. Ninawaomba wazee wenye watoto Bara msilipuuze neno hili la siku mbili.

Kuna atakayesimama aniulize: ewe kijana, wahangaikia kituo na kadi, na mwaka 2025 tuliona yaliyotokea. Mtu wa Meatu yenu mwenyewe, Bwana Luhaga Mpina, aliyeteuliwa na ACT-Wazalendo kugombea urais, jina lake liliondolewa na Tume mwezi Agosti, likarudishwa na Mahakama Kuu mwezi Septemba, likaondolewa tena siku chache baadaye. Siku ya kura yenyewe mtandao ulizimwa, na damu ikamwagika katika miji ya Bara. Kura ya nini basi?

Sitalificha swali hili chini ya mkeka. Nilipopewa karatasi yangu siku ile nililitafuta jina la mtu wa wilaya yangu, hali najua kwamba halimo. Ni jambo zito kwa mtu aliyehangaika miaka mitano kupata haki ya kuishika karatasi hiyo. Siwezi kusema kwamba kadi huponya jeraha la namna hii. Lakini naona hivi: mgombea akiondolewa, jambo lile laonekana, lapelekwa mahakamani, laandikwa, na wenye haya wataona haya. Mwanafunzi akikosa kura kwa sababu jina lake liko mbali, hakuna anayeona. Hakuna kesi wala shahidi. Yeye mwenyewe hujilaumu kwa uzembe. Hasara ya kwanza inatupigisha kelele, na hii ya pili tunaibeba kimya kimya, uchaguzi baada ya uchaguzi, kwa hiari yetu.

Nanyi wa visiwani hamhitaji kuambiwa kura moja ina uzito gani. Januari 1961 kiti cha Chake Chake kilipatikana kwa kura moja. Vyama vikatoka viti kumi, tisa na vitatu, vile vitatu vikagawanyika, pakawa kumi na moja kwa kumi na moja, na serikali haikuweza kuundwa. Uchaguzi ukarudiwa mwezi Juni, na katika ghasia zake wakafa watu 68. Sisemi kura ile moja ndiyo iliyoleta yote hayo. Nawaza tu juu ya mtu mmoja wa Chake Chake ambaye siku ile labda alikuwa safarini.

Sasa tudai nini? Wako wenzangu vyuoni wanaotaka kura ya posta kama ya Marekani. Mimi siitaki, na nasema wazi. Barua kwetu Bukundi haifiki mlangoni mwa mtu. Na karatasi ya kura iliyolala usiku tano katika gunia la posta, ni nani aliyelala nayo? Chama ambacho hakikuiamini kura ya mapema ya siku moja hakiwezi kuiamini kura ya juma zima. Ninalolitaka ni dogo na laonekana kwa macho: kituo katika kila chuo kikubwa, siku ile ile ya uchaguzi, kwa wanafunzi waliotoa taarifa mapema kwamba watakuwa hapo, majina yao yakiwa yamekatwa katika vituo vya kwao na orodha zote mbili kubandikwa hadharani, mawakala wa vyama wamesimama, na kura kuhesabiwa hapo hapo. Kwa kura ya Rais hakuna ugumu, karatasi ni moja nchi nzima. Kura ya mbunge na ya diwani ni ngumu zaidi, nakiri, na kwa hiyo mama yangu bado ana neno lake dhidi yangu.

Mpaka hayo yapatikane, tuna sheria iliyopo. Yaataka daftari liboreshwe mara mbili kati ya uchaguzi mkuu mmoja na mwingine, basi kabla ya mwaka 2030 litapita tena na tena, kila mara siku chache tu mahali pamoja. Aliyehama aende na kadi yake ya zamani katika kituo cha anakoishi. Tangu mwaka 2024 Tume ya Taifa iliruhusu kuanza kuhama kwa njia ya simu na kumalizia kituoni. Asijiandikishe mara ya pili kana kwamba hakuwa na kadi; kuwa na jina mahali pawili ni kosa lenye kifungo, na vidole vyake vitamsema. Majina yakibandikwa aende ayasome, au amtume mtu ayasome, kwani jina lililokosewa herufi moja limewahi kumrudisha mtu nyumbani.

Nimezungumza na Bwana Katibu. Ameweka daftari la kurasa mia mbili mezani, pale penye taa. Kila mwenye mtoto, ndugu au mpangaji aliye chuoni aandike kabla ya kuondoka usiku huu: jina lake, chuo, mwaka atakaomaliza, jimbo na shehia lilipo jina lake la kura, na kama hajaandikwa, kwa nini. Asiyejua kuandika nitamwandikia mimi. Nitakaa mpaka mtu wa mwisho, kwani kesho sina kipindi cha asubuhi.